Jeti ni Pishi: Kusafisha na Kupima Kabureta Iliyoliwa na Kutu

Swali linalonifikia zaidi, kutoka Wete, Konde, Mkoani na vijiji vya katikati huku kisiwani Pemba, lina sura mbili. Ya kwanza: "Mzee ameacha Vespa bandani miaka kadhaa. Nimefungua kabureta, nimekuta unga mweupe kama chokaa na ukijani. Nisafishe au nitupe?" Ya pili huja wiki mbili baadaye, mara nyingi kwa mtu yule yule: "Nimeiosha mara tatu, inang'aa, lakini chombo hakishiki silensa, kinazima nikiachia resi. Nimekosea wapi?"

Umekosea kudhani kwamba kung'aa ndiyo kazi. Dele la kahawa husuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka ujione uso, na hapo kazi imekwisha. Jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu linalopitisha petroli, haiko hivyo. Jeti ni pishi. Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi, chombo cha kupimia, na pishi ikikwanguliwa ndani ikapanuka, itakuwa safi kabisa huku ikimdhulumu mtu kila inapojazwa. Kabureta nayo ni kipimo cha petroli na hewa. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuosha, kisha kupima kama kilichobaki bado ni kipimo kile kile.

Haya yanahusu vyombo vya zamani vya maringi mawili: Vespa za Italia zenye kabureta ya Dell'Orto, Honda CG125 za kuanzia 1976, na Yamaha na Suzuki za rika hilo.

## Kabla hujashika bisibisi

Hakikisha kwanza kwamba mgonjwa ni kabureta. Wengi huifungua bure.

- Toa plagi, igusishe kwenye bodi ya injini mbali na tundu lake, piga kiki. Hakuna cheche? Tatizo lako liko kwenye umeme.
- Chomoa mpira wa petroli, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Inatoka matone tu? Koki au kifuniko cha tangi kimeziba.
- Tazama filta ya hewa. Ikiwa panya wamejenga humo, umeshapata jibu.

Vyote vikiwa sawa, hamia mahali pa wazi. Usifanye kazi hii jikoni wala karibu na jiko la mkaa, na usiifanye na sigara mdomoni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka uufikie moto usioufikiria. Vaa miwani, dawa ya kopo hurudi usoni kupitia tundu usilolitarajia.

Piga picha kwa simu kila hatua. Usiseme utakumbuka.

## Soma kilichomo ndani

Kabla ya kumwaga chochote, kinga. Kwenye Honda, legeza skrubu ya chini ya bakuli na upokee petroli kwenye gilasi nyeupe. Kwenye Vespa hakuna bakuli la kufunguka chini. Chumba cha boya kimo ndani ya bodi, kwa hiyo fungua kifuniko cha juu na unyonye kwa bomba la sindano. Iache gilasi itulie dakika tano, kisha isome:

- Maji chini, petroli juu. Maji ni mazito, hukaa chini, mahali pale pale jeti kubwa inapochota. Kisiwani hewa ina chumvi, na maji yenye chumvi yakikaa kati ya jeti ya shaba na bodi ya madini meupe (alumini au zinki), bodi ndiyo inayoliwa.
- Ulimbo wa kahawia wenye harufu ya rangi ya mafuta. Ni petroli iliyokauka. Hii ndiyo habari njema. Ulimbo huoshwa ukaisha.
- Unga mweupe. Huu haukutoka nje. Ni bodi yenyewe iliyogeuka unga. Ukiuosha, kitabaki kishimo.
- Ukijani. Ni kutu ya shaba, kwenye jeti na bomba la vitundu.
- Wekundu. Hiyo ni kutu ya tangi. Usipoliosha tangi, utaifungua kabureta hii tena kabla ya mwezi kwisha.

## Kufungua bila kuvunja

Skrubu za Kijapani zina kichwa cha nyota, lakini si nyota ya bisibisi nyingi zinazouzwa madukani. Bisibisi ya kawaida huelea, huteleza, kisha hula kichwa. Tafuta inayokaa mpaka chini. Ukikosa, isugue ncha kidogo ifike.

1. Nyunyiza dawa ya kulegeza kutu, uache usiku kucha.
2. Weka bisibisi kwenye skrubu, gonga mpini wa bisibisi kwa nyundo ndogo mara tatu nne. Mshtuko hulegeza kutu kuliko nguvu za mkono.
3. Ikigoma, mwagia bodi maji ya moto. Bodi hupanuka kuliko skrubu ya chuma. Usitumie moto wa wazi.
4. Skrubu ya hewa na ile ya silensa: kabla ya kuzitoa, zifunge taratibu mpaka ziguse, ukihesabu mizunguko. Andika, kwa mfano "moja na nusu". Hesabu hiyo ndiyo njia yako ya kurudi.
5. Pini ya boya husimama kati ya nguzo mbili nyembamba. Ikigoma usiigonge kwa hasira. Nguzo ikivunjika, bodi imekwisha. Loweka tena, isukume kwa msumari mwembamba usio na ncha.

Panga vitu kwenye sinia kwa mafungu matatu: shaba, bodi, na mpira pamoja na plastiki. Kila fungu lina dawa yake.

## Kuosha kwa ngazi

Anza na dawa laini, panda pale tu inaposhindwa. Anayeanzia juu hana pa kurudi.

Ngazi ya kwanza: maji ya moto na sabuni ya vyombo. Kwa mswaki wa zamani. Huondoa vumbi, oili na sehemu ya ulimbo.

Ngazi ya pili: petroli safi au mafuta ya taa. Loweka shaba na bodi saa kadhaa. Kwa Vespa hii ni muhimu zaidi, kwa sababu petroli yake huchanganywa na oili, na ikikauka huacha kitu kizito kama asali.

Ngazi ya tatu: dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, au thina. Ni kwa bodi na shaba peke yake. Oringi, gaskiti na boya la plastiki vikae mbali. Mpira huvimba, plastiki hulainika.

Ngazi ya nne: siki au ndimu. Ni kwa unga mweupe na ukijani ambao ngazi tatu hazikuutoa. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, au kamua ndimu kwenye maji ya uvuguvugu, kisha:

- Loweka dakika kumi, usizidishe kumi na tano. Kaa papo hapo.
- Toa, sugua kwa mswaki, tazama. Ukiona povu dogo linapanda kwenye madini yaliyokwisha kuwa safi, siki imemaliza kutu na sasa inakula bodi.
- Suuza, kisha chovya kwenye maji yenye bekingi soda, kijiko kwa lita, kuua ukali wa siki.
- Suuza tena kwa maji matamu. Kisima chenu kikiwa na maji ya chumvichumvi, tumia ya mvua. Kausha saa hiyo hiyo.

Msomaji mmoja aliniuliza kama kuloweka usiku kucha si bora zaidi. Si bora. Bodi itatoka nyeusi na chakavu, na njia nyembamba za ndani zitakuwa pana kuliko zilivyotoka kiwandani.

Visivyotumika kabisa:

- Kostiki ya kutengenezea sabuni. Huyeyusha alumini.
- Maji ya betri. Hayana huruma na zinki.
- Jiki. Hutafuna madini, na ukiichanganya na siki hutoa hewa ya sumu.
- Majivu, mchanga au msasa ndani ya njia yoyote ya petroli. Viachie dele.

Mwisho pitisha upepo kwenye kila tundu. Fundi wa matairi aliye karibu ana kompresa. Mwombe dakika mbili. Toa boya na sindano yake kwanza. Upepo mkali kwenye kabureta iliyofungwa huweza kulibonyeza boya.

## Jeti: hapa ndipo pishi hupanuka

Fundi wako huzibua jeti kwa waya wa breki ya baskeli na chombo kinawaka? Kinawaka, ndiyo. Nawe utajaza tangi mara nyingi zaidi bila kujua kwa nini.

Kwenye jeti za Dell'Orto, namba iliyogongwa ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Jeti namba 100 ina tundu la milimita 1.00. Waya wa chuma ukilipanua kufikia 1.10, tofauti ambayo jicho halioni, eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 21. Yaani kwa kila pishi tano unamwaga moja zaidi.

Fanya hivi:

1. Loweka jeti peke yake, kwanza kwenye petroli, kisha kwenye siki ikibidi.
2. Zibua kwa unywele wa mswaki wa nailoni, au uzi mmoja wa shaba nyekundu uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Ni laini kuliko jeti, hauwezi kuikwangua.
3. Inyanyue kwenye mwanga. Tundu liwe duara kamili, kingo zikate. Ukiona yai badala ya duara, jeti imekufa.
4. Soma namba, uiandike. Isiposomeka kwa kutu, nunua nyingine kwa namba ya kiwandani. Usikisie.

Bomba la vitundu, linalokaa juu ya jeti kubwa, husahaulika sana. Lina matundu ya pembeni, kila moja lipitishe mwanga. Kwenye Vespa nyingi, jeti ya hewa, bomba na jeti kubwa hushikana kuwa kijiti kimoja chenye vipande vitatu, kwa mfano 160, BE3 na 100. Jeti yake ndogo ina namba mbili, kama 48/160: ya kwanza ya petroli, ya pili ya hewa. Ukizibua upande mmoja ukaacha wa pili, kipimo kimeharibika vile vile.

## Kupima: kipi kizima, kipi kimekufa

Sasa weka mswaki chini. Chukua karatasi, chora safu mbili.

Vishimo ndani ya chumba cha petroli. Kama havikutoboa, ni sura mbaya tu. Kizima.

Vishimo kwenye uso wa gaskiti. Bandika msasa laini juu ya kioo, sugua uso huo kwa mwendo wa namba nane mpaka rangi iwe moja. Vikiisha, kizima.

Kitako kilichopinda. Kiweke juu ya kioo. Kikicheza, kimepinda, mara nyingi kwa kukazwa mno. Kwenye Vespa hiki ndicho chanzo kikubwa cha hewa ya wizi. Hutibiwa kwa msasa ule ule, kidogo kidogo.

Sindano ya boya na kiti chake. Tazama ncha ya sindano: ikiwa na mkato wa pete, badilisha. Kiti kikiwa na vishimo na hakifunguki, bodi imekufa. Kipimo: pindua kabureta miguu juu, puliza kwa mdomo kwenye mpira wa petroli. Pumzi isipite. Igeuze wima, ipite. Ikipita pande zote, petroli itamwagika chini au itashuka mpaka kwenye oili ya injini.

Boya. Litikise sikioni. Ukisikia maji, limetoboka. La shaba, lizamishe kwenye maji ya moto, mapovu yatakuonyesha tundu. Usilichomelee kabla petroli yote haijatoka ndani. Linaweza kulipuka mkononi. La plastiki halitengenezwi, hubadilishwa.

Slaidi, ile inayovutwa na kebo ya resi. Iachie ianguke yenyewe ndani ya bodi iliyo kavu. Ishuke bila kukwama, wala isipwaye. Ikipwaya sana, silensa haitashika hata jeti ziwe mpya.

Njia ndogo za silensa. Hapa ndipo kabureta nyingi za kisiwani hufia. Puliza dawa ya kopo kwenye tundu la jeti ndogo: itoke kwenye vitundu vyote vidogo vilivyo karibu na slaidi. Kimoja kikinyamaza, loweka na upulize tena, mara tatu. Baada ya hapo usichimbe. Unga mweupe umekula njia, na ukichimba utatengeneza njia isiyokuwepo.

Kanuni ni moja: kinachofunguka na kubadilishwa, badilisha. Kinacholiwa ndani ya bodi yenyewe, mahali petroli au hewa inapopimwa, kimekufa, hata king'ae vipi.

## "Si ninunue tu mpya?"

Inategemea chombo.

Kwa CG125, unaweza. Pikipiki nyingi za Kichina zina injini iliyofuata muundo wa CG, kwa hiyo kabureta za kufanana zimejaa madukani. Lakini fungua hiyo mpya, soma namba za jeti, linganisha na za zamani. Kufanana kwa umbo hakumaanishi kipimo kimoja.

Kwa Vespa, usikimbilie kutupa. Skuta za LML za India zilijengwa juu ya ramani ya Vespa, kwa hiyo gaskiti, jeti na kabureta nzima za Kihindi huweza kuingia kwenye aina nyingi. Mwenye duka apewe mfano mkononi, asipewe maelezo kwa simu. Spea ikitoka Darajani, Unguja, au Kariakoo, Dar es Salaam, itapanda boti kabla haijakufikia, na ikikosea ni boti tena.

Kwa Yamaha au Suzuki adimu, bodi ya zamani ni mali. Hata iliyokufa, itunze: boya, slaidi na skrubu zake zitaokoa nyingine.

## Kurudisha

- Oringi na gaskiti zote mpya. Gaskiti iliyokunjika ikapakwa gundi ya silikoni ni uchafu wa kesho. Silikoni huvimba ndani ya petroli na vipande vyake huziba jeti.
- Jeti ni shaba laini. Ianze kwa vidole, iishie kwa bisibisi inayoenea vizuri. Ikishagusa, robo mzunguko yatosha.
- Skrubu za hewa na silensa zirudi kwenye hesabu uliyoandika. Ukiipoteza, ile ya hewa ianze na mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho.
- Mpira wa petroli mpya, na filta ndogo katikati.
- Tangi lioshwe kabla ya kufungua koki.
- Petroli ikiwa ni ya chupa za barabarani, itulize kwanza kwenye chupa nyeupe, uimimine taratibu, uache ya chini.

Kisha fungua koki, uache dakika kumi bila kuwasha. Weka gazeti kavu chini. Tone moja likionekana, fungua tena sindano ya boya.

## Kuwasha mara ya kwanza

Washa, iache ipate moto wa kawaida, ndipo uguse skrubu. Kurekebisha silensa injini ikiwa baridi ni kupima karafuu mbichi kwa bei ya kavu.

Dondosha maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na injini. Mlio ukibadilika, hewa inaibwa hapo.

Endesha dakika kumi, zima, toa plagi. Rangi ya kahawia ni nzuri. Masizi meusi ni petroli nyingi. Nyeupe ni petroli kidogo, na hapo simama.

Kwa injini ya tustroki kama Vespa, simama kweli. Oili yake huja pamoja na petroli. Jeti iliyoziba nusu huinyima pistoni vyote viwili. Kwenye Honda utasumbuka na misi. Kwenye Vespa, ukipanda mlima na resi kamili, pistoni itashika na ringi la nyuma litafunga ghafla. Weka oili kwa kipimo cha aina yako. PX, kwa mfano, hutumia asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita.

## Makosa ninayoyaona zaidi

1. Kuosha kabureta bila kuosha tangi.
2. Kuzamisha kabureta nzima kwenye dawa bila kuifungua. Mpira hufa, njia hubaki zimeziba.
3. Kubadilisha jeti na skrubu na plagi siku moja. Ikipona hujui dawa ni ipi. Ikizidi hujui sumu ni ipi. Badilisha kimoja, jaribu, andika.
4. Kuikaza skrubu ya hewa mpaka mwisho kwa nguvu. Ncha yake huvunjika ndani ya bodi.
5. Kuuza kabureta ya zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla mpya haijafanya kazi.

## Ili kutu isirudi

- Chombo kikilala zaidi ya wiki mbili, funga koki, mwaga petroli ya kwenye bakuli. Kabureta kavu hailiwi na kitu. Ya Vespa, funga koki uiache injini iwake mpaka izime.
- Kabla ya masika, jaza tangi au ulikaushe kabisa. Tangi nusu hukusanya umande.
- Ukivuka nacho bahari, mwaga bakuli kabla ya kupakia, funika mdomo wa filta, na ukifika kimwagie maji matamu nje.
- Usikiegeshe usiku kucha ufukweni. Upepo wa kaskazi hauchagui madini.

Mwisho, ile karatasi yenye namba za jeti na hesabu ya mizunguko usiitupe. Itie kwenye mfuko wa plastiki, uifunge chini ya kiti. Siku utakapompa chombo mwanao, au fundi atakapokiegemea na waya wa breki mkononi, atakuta pishi imeandikwa ukubwa wake.